Kwato za mbuzi: namna ya kuzikata nyumbani bila ya kumuumiza

Kuna jambo dogo ambalo wafugaji wengi wa hapa kwetu Pwani hulipuuza, na kupuuzwa kwake hutugharimu pesa, maziwa na hata udhiya. Nalo ni kwato za mbuzi. Mtu atamlisha mbuzi wake vizuri, atamnunulia dawa ya minyoo, atamjengea banda la makuti. Lakini ukimuuliza ni lini mara ya mwisho alipomuinua mguu akaangalia chini yake, hana jibu.

Mimi ni mfugaji mdogo. Nina mbuzi wachache nyuma ya nyumba, na kwa miaka kadhaa sasa majirani huniita niwakatie mbuzi wao kwato. Aghalabu nikimaliza mbuzi mmoja, watu wawili watatu waliosimama kutazama huniambia, "Hebu tuonyeshe na sisi." Basi nimeonelea niandike hapa hatua kwa hatua, ili anayetaka aweze kuifanya kazi hii mwenyewe, kwa usalama wake na wa mnyama wake.

Kwa nini kwato hurefuka

Ukwato umefanywa kwa kitu kile kile kilichofanya kucha ya binadamu na ganda la pembe ya mbuzi mwenyewe. Haukomi kukua maisha yote. Mbuzi kwa asili yake ni mnyama wa majabali. Hupanda na kushuka mawe kutwa, na mawe yale humsugua kwato zikabaki fupi bila ya msaada wa mtu. Hata hapa kwetu, mbuzi anayezurura juu ya mawe makali ya tumbawe huenda asihitaji mkasi mwaka mzima.

Lakini mbuzi wetu wengi hawaishi hivyo. Wa mjini amefungwa kamba uani. Wa shamba hutembea juu ya mchanga laini, na mchanga hausugui kama jiwe. Wa maziwa, wale wa kizungu kama Toggenburg, Saanen na Alpine pamoja na machotara wao, hukaa bandani usiku na mchana. Tena hulishwa vizuri, na mnyama anayekula vizuri kwato zake hukua haraka zaidi.

Ukuachwa, ukuta wa nje wa ukwato hurefuka ukajikunja kwa ndani na kuufunika wayo. Pale katikati hujaa mavi, mkojo na matope, pakawa na unyevu na giza, na vijidudu vya kuozesha hupenda mahali kama hapo. Ncha ya mbele nayo hurefuka ikapinda juu. Uzito wa mbuzi hurudi kisiginoni, na kano na viungo vya mguu huvutika visivyotakiwa. Ikiendelea hivyo miezi mingi, mguu wenyewe hupinda, na hapo hata ukikata kwato hautanyooka tena.

Hasara yake

Mbuzi anayeumwa na miguu hatembei kutafuta malisho, kwa hivyo hukonda. Wa maziwa hupunguza maziwa. Beberu naye husimama juu ya miguu ya nyuma anapopanda, na ikimuuma hapandi. Mwenye mali hukaa akilalamika kuwa majike yake hayashiki mimba, na kumbe tatizo liko kwatoni.

Jirani yangu mmoja, mama mjane, alikuwa na mbuzi wa maziwa ambaye alianza kula akiwa amepiga magoti. Watu walimwambia mambo mengi: mara kijicho, mara ana ugonjwa wa mifupa, muuze upesi kabla hajafa. Mchinjaji alikwishafika na kumpa bei ambayo haikufikia hata nusu ya thamani ya mnyama yule. Tulipomuinua miguu tukakuta kuta za kwato zimejikunja mpaka zimekutana chini ya wayo kama kitabu kilichofungwa. Tulimkata kidogo kidogo kwa mara tatu, kila mara tukiacha wiki mbili. Baada ya mwezi na nusu alikuwa anasimama na kula kama wenzake, na yule mama akabaki na maziwa ya wajukuu wake. Kupiga magoti wakati wa kula ni ishara ambayo kila mfugaji anapaswa kuijua.

Kisha kuna suala la udhiya. Inajulikana kwamba mnyama mwenye kilema kilicho dhahiri hafai kuchinjwa kwa udhiya. Ufafanuzi wa kiasi gani cha kuchechemea ndicho kinachoharibu nawaachia masheikh wetu. Langu mimi ni la ufugaji tu, nalo ni hili: mbuzi wengi wanaochechemea siku ya kununuliwa hawakuzaliwa na kilema, bali ni kwato zilizosahauliwa. Na tukumbuke kwamba Idd ya kuchinja huja mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Miaka hii imeangukia mwezi wa Juni na Mei, na Mei hapa Pwani ndiyo kilele cha mvua kubwa. Matope na kwato ndefu ni jambo baya kukutana katika msimu ambao mbuzi anatakiwa awe mzima.

Vifaa

Huhitaji vitu vya ghali. Ninavyotumia mimi ni hivi:

- Mkasi wa kupogolea miti ya bustani, ule mfupi wa mkono mmoja, wenye makali. Upo pia mkasi maalumu wa kwato katika baadhi ya maduka ya dawa za mifugo, lakini wa bustani hutosha.
- Kisu kifupi chenye ncha butu, cha kukwangua uchafu na kuparia wayo.
- Brashi ngumu, ndoo ya maji na kitambaa safi.
- Tupa ya seremala, au kipande cha msasa mkali.
- Ayodini kutoka duka la dawa.
- Unga mkavu, wa ngano au wa mahindi, katika kikopo safi, kwa ajili ya damu ikitokea.
- Glavu nene za kazi kwa ule mkono unaoshika mguu.

Usitumie panga, wala wembe, wala shoka dogo na nyundo. Nimeona watu wakiweka mguu wa mbuzi juu ya gogo na kuukata kama muwa. Mbuzi akishtuka kidogo tu, kinachokatika hapo si ukwato, na huenda kikawa kidole chako.

Mkasi uwe mkali. Kifaa butu humfanya mtu aongeze nguvu, na nguvu ikizidi mkono huteleza.

Wakati na mahali

Fanya kazi hii asubuhi au alasiri, mahali penye kivuli na mwanga mzuri, juu ya sakafu kavu au jamvi kuukuu. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, kwato huwa ngumu kama mti. Msimamishe mbuzi kwanza katika beseni la maji au juu ya magunia yaliyoloweshwa kwa dakika 15 au 20, zitalainika. Siku ya pili baada ya mvua pia ni nzuri.

Jike mwenye mimba kubwa muache. Mwezi wa mwisho kabla ya kuzaa si wakati wa kumvutavuta na kumtia hofu. Mkate mapema, au subiri azae na apate nguvu.

Mwanambuzi muanze akiwa na mwezi mmoja au miwili, hata kama hana cha kukatwa. Muinue mguu, mpapase, mrudishe chini, mpe jani. Akizoea utotoni hutapigana naye ukubwani.

Namna ya kumshika

Mara nyingi anayeumia katika kazi hii huumia kwa sababu mnyama hakushikwa vizuri. Mkasi huwa hauna kosa. Kwa hivyo tafuta msaidizi, na kila mmoja ajue kazi yake kabla hamjaanza.

Mfunge mbuzi kwa ukosi wa shingoni, kamba iwe fupi, kwenye nguzo au ukuta. Usitumie kitanzi kinachokaza, maana akivuta atajinyonga. Ubavu wake mmoja uegemee ukutani. Msaidizi asimame upande wa pili na kumbana taratibu kwa nyonga na goti, na mbele ya mbuzi kuwe na beseni lenye pumba kidogo. Mbuzi mwenye chakula mdomoni husahau mengi.

Mguu wa mbele ukunje kwa nyuma kama unavyojikunja wenyewe anapotembea. Mguu wa nyuma uvute taratibu kwa nyuma na chini, wala usiuinue juu sana na usiuvute kando. Viungo vya mbuzi havikuumbwa kufunguka kwa upande. Ukiona anahangaika, mara nyingi ni kwa sababu mguu umeinuliwa kupita kiasi na hana mizani. Ushushe kidogo, utaona anatulia. Akirusha mateke, usiuachie mguu ghafla na usimpige. Shikilia, ngoja atulie, ndipo uendelee au uuteremshe mwenyewe. Akijua kwamba kuhangaika ndiko kunakomfungulia, atahangaika kila siku.

Kuna wanaomlaza mbuzi chali na kumkalia. Tafadhali tusifanye hivyo. Mbuzi ni mnyama wa kucheua, na tumbo lake kubwa limejaa majani na maji. Akilazwa chali tumbo lile hubana mapafu, na gesi yake haipati njia ya kutokea. Kwa jike mwenye mimba ni hatari zaidi. Wala usimshike mwanambuzi kwa pembe, zinavunjika.

Kukata, hatua kwa hatua

Ukipata nafasi, tazama kwanza ukwato wa mwanambuzi wa siku chache. Utaona uko sawa chini kama kisanduku: mbele na nyuma ni sawasawa, na ukingo wa chini unakwenda sambamba na mstari pale manyoya yanapokutana na ukwato. Unataka kulirudisha umbo lile. Litie akilini, maana ndilo kipimo chako.

Kwanza, safisha. Kwa ncha butu ya kisu toa mavi, mawe na matope yote chini ya ukwato na katikati ya vidole viwili. Sugua kwa brashi na maji, kausha kwa kitambaa. Hapa tazama na unuse. Ukwato mzima hauna harufu mbaya. Angalia kama kuna mwiba, jiwe, jeraha, usaha au mahali palipovimba.

Pili, kata ncha ya mbele iliyopinda. Kata kidogo tu kwanza, hata ukadhani umekata kidogo mno. Utairudia.

Tatu, kata kuta zilizojikunja. Tia ubapa wa mkasi chini ya ukuta uliojikunja, ukiuelekeza kutoka kisiginoni kwenda mbele, na uukate mpaka ulingane na wayo. Fanya ukuta wa nje, kisha wa ndani ulio upande wa kidole cha pili. Huu wa ndani una nafasi finyu, kwa hivyo nenda polepole. Mkasi usiinamie juu ukagusa ngozi laini iliyo katikati ya vidole.

Nne, kisigino. Kwa mbuzi wengine kisigino nacho hurefuka na kuwa laini kama mpira. Kipare kidogo tu kilingane na sehemu nyingine. Hapa hutoka damu haraka, usiwe na pupa.

Tano, wayo. Ukiona hauko sawa, uparie kwa vipande vyembamba, unene wa sarafu ya shilingi au chini ya hapo. Kila unapotoa kipande, tazama rangi. Weupe wa maziwa ni salama. Ukianza kuona wekundu wa waridi, simama hapo hapo. Chini ya wekundu ule kuna nyama hai yenye damu na hisia. Kwa mbuzi wenye kwato nyeusi rangi haionekani vizuri, kwa hivyo bonyeza kwa kidole gumba. Ukisikia panabonyea, umefika mwisho.

Sita, sugua kwa tupa mpaka chini pawe sawa, kisha fanya ukwato wa pili wa mguu ule ule. Kwato mbili za mguu mmoja lazima zilingane urefu, ama sivyo mbuzi atauelemeza uzito upande mmoja.

Saba, vile vikwato vidogo viwili vilivyo nyuma juu ya kisigino. Kama vimerefuka na kujikunja, punguza ncha tu. Kama ni vifupi, viache.

Mwisho, paka ayodini chini na katikati ya vidole, muachie mbuzi atembee juu ya sakafu ngumu, na umtazame kwa mbali. Mguu ukikaa chini wote sawasawa, umemaliza. Kama ncha ya mbele bado inainuka, mrudie.

Kwato zilizosahauliwa kwa mwaka mzima usizimalize siku moja. Ukwato ukirefuka, nyama hai ya ndani nayo hujivuta mbele pamoja nao. Ukikata mpaka umbo unalolitaka utakata nyama. Punguza leo, ngoja wiki mbili nyama ile ijirudishe nyuma, punguza tena. Subira hapa ndiyo dawa.

Damu ikitoka

Hata mwenye uzoefu humtokea. Tulia, kwa sababu ukipaparika mbuzi naye atapaparika. Bana pale panapotoka damu kwa kitambaa safi dakika tano bila ya kuchungulia chungulia. Kisha bandika unga mkavu na uendelee kubana. Damu ikikoma, paka ayodini pembeni yake, na muweke mbuzi mahali pakavu na safi kwa siku mbili tatu. Asirudi kwenye zizi la matope siku ile. Damu ikiwa nyingi na haikomi baada ya dakika 15 au 20, mfunge kwa kitambaa kisafi chenye kukaza kiasi na umuite daktari wa mifugo.

Usipake mavi ya ng'ombe, udongo, majivu ya jikoni wala oili chafu ya gari. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi, na jeraha la mguuni ndilo mlango wao mkubwa. Mbuzi aliyepatwa na pepopunda hukakamaa miguu, masikio yakasimama, taya likafunga, na wengi hawaponi. Kama mbuzi wako ni wa thamani, muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo yake. Na wewe mwenyewe ukijikata ukiwa kazini, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha uende kituo cha afya ukaulize kama unahitaji sindano ya pepopunda. Usiseme ni kijeraha tu.

Kuoza kwa kwato

Ukiinua mguu ukakutana na harufu mbaya inayokufanya ugeuze uso, na ukuta wa ukwato umeachana na nyama, huo ni ugonjwa wa kuoza kwa kwato. Huletwa na vijidudu viwili vinavyosaidiana, navyo hupenda unyevu na joto, yaani hali ya hewa yetu hasa. Ugonjwa huu huambukiza. Mbuzi mmoja aliyenunuliwa sokoni akaletwa bila ya kuangaliwa anaweza kulitia zizi zima taabuni.

Zamani ilidhaniwa kwamba dawa yake ni kukatakata mpaka kioze chote kitoke. Siku hizi wataalamu wanashauri kinyume. Kumkata sana mnyama mwenye jeraha bichi humchelewesha kupona na humuongezea maumivu. Safisha, toa kinachoning'inia tu, na umtibu kwanza. Kwato zitengeneze baadaye akishaacha kuchechemea.

Matibabu ya nyumbani ni kumsimamisha katika maji ya dawa kwa dakika 5 mpaka 15. Zinki salfeti kilo 1 katika lita 10 za maji ni nzuri. Mrututu, ule wa buluu tunaoujua, nao hutumika, gramu 500 kwa lita 10. Lakini mrututu ni sumu ukinywewa, na kondoo hudhurika nao upesi zaidi kuliko mbuzi. Mpe mbuzi maji ya kunywa kwanza ili asiwe na kiu, usimuache akainama na kuyanywa, na maji yaliyobaki usiyamwage karibu na kisima wala penye kuku. Baada ya hapo mkaushe na umuweke mahali pakavu, mbali na wenzake.

Kama hapati nafuu, anahitaji dawa ya kuua vijidudu, na hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Akimpiga sindano, muulize ni siku ngapi maziwa yasinywewe na nyama isiliwe. Hili wengi hulisahau, na karibu na Idd ni muhimu zaidi: dawa ya leo isije ikaliwa na watoto wetu kesho kutwa.

Si kila kuchechemea ni kwato

Ukiona mbuzi au ng'ombe kadhaa wanachechemea kwa pamoja, wanatokwa na ute mdomoni, na wana malengelenge midomoni na katikati ya vidole, weka mkasi chini. Huenda ukawa ni ugonjwa wa miguu na midomo. Usiwahamishe, usiwapeleke sokoni, na mjulishe afisa wa mifugo wa kaunti upesi. Ugonjwa huu ni lazima uripotiwe.

Vile vile mbuzi aliyevunja kamba akala unga mwingi au nafaka kwa mara moja anaweza kuumwa na kwato zikawa na joto ingawa si ndefu. Huyu naye ni wa daktari, wala si wa mkasi.

Usafi baina ya mbuzi na mbuzi

Ukimaliza mbuzi mmoja, osha mkasi na kisu kwa sabuni na uvitie dawa ya kuua vijidudu kabla ya kumgusa wa pili. Anza na walio wazima, umalizie na wagonjwa. Vipande ulivyokata vikusanye uvichome au uvizike. Osha mikono vizuri. Na anayeazima mkasi kwa jirani auoshe kabla na baada, maana tunaazimana magonjwa bila ya kujua.

Kuzuia ni rahisi zaidi

Kagua kwato za kila mbuzi mara moja kwa mwezi. Wanaokaa bandani huhitaji kukatwa kila wiki 6 mpaka 8. Wanaotembea juu ya mawe huweza kukaa zaidi. Banda lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye sakafu ya mbao zilizoachiwa nafasi ndogo mavi yapite, huwaweka wakavu hata mwezi wa Mei. Asiyeweza kujenga hivyo na aweke bamba la zege lenye sakafu ya kukwaruza, au mawe ya tumbawe, pale mbuzi wanapokula na kunywa. Watayakanyaga kila siku na kujisugua wenyewe bila ya gharama.

Kwa mbuzi wa udhiya au wa kuuzwa, kata kwato wiki tatu kabla. Hapo hata akiwa na uchungu kidogo atakuwa amekwisha kupoa siku ya haja ikifika.

Na ukienda kununua, iwe ni Mariakani au ni kwa jirani, usiangalie mbavu na meno tu. Mtembeze mbuzi hatua kumi juu ya ardhi ngumu. Muinue miguu yote minne. Nusa. Muuzaji mwenye mbuzi mzima hatakasirika. Ukwato mrefu tu unatengenezeka na unaweza kupunguziwa bei. Ukwato unaonuka muache aliko, au mtenge peke yake wiki mbili au tatu ukishamfikisha nyumbani.

Wanyama wengine

Huulizwa pia kuhusu paka. Kanuni ni ile ile: kata ile ncha nyeupe peke yake, usiguse pale penye wekundu. Mwenye mbwa wa ulinzi naye afuate hivyo hivyo, na kwa mbwa mwenye kucha nyeusi akate kijisehemu kidogo sana kwa kila mara. Lakini punda ni habari nyingine. Ukwato wake ni mmoja, hubeba uzito na mizigo, na ukiukata vibaya unamharibu mguu wote. Hiyo ni kazi ya mwenye kuisomea. Ndugu zetu wa Lamu wana kituo cha kutibu punda tangu 1987, na wanajua kwamba huko ndiko kwa kumpeleka.

Kwa mbuzi, hata hivyo, sioni kwa nini nyumba yenye mbuzi isiwe na mtu mmoja anayeijua kazi hii. Haihitaji nguvu nyingi. Kina mama ninaowajua wanaifanya vizuri kuliko sisi wanaume, kwa sababu hawana pupa. Watoto nao waachiwe wamshike mbuzi na kumlisha, wajifunze kwa kutazama. Mnyama hana ulimi wa kutuambia kwamba mguu unamuuma. Muinue wa kwako leo jioni, umuangalie.